Kompyuta Iliyojua Salamu Peke Yake

Ndugu zangu wa vikundi mliokutana hapo Kitale, mnisamehe mwandiko huu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane, na nikisimama mbele ya watu sauti hunipotea, ndiyo maana nimemwomba mwenyekiti wetu awasomee. Mtauliza mbona mtu wa kompyuta anaandika kwa kalamu. Kompyuta iko na kazi ya wateja.

Kikundi chetu cha Kimilili kilifungua ofisi ya kuchapa kadi za harusi na programu za mazishi. Kuchapa nikapewa mimi, kazi yangu ya kwanza isiyo ya kupalilia mahindi. Tulienda Bungoma kununua kompyuta, tukakuta mbili za bei moja. Moja ilikuwa nzito, rangi ya vumbi. Nyingine ilikuwa nyeusi, inang'aa, na ukiiwasha mwanamke anakusalimia kutoka ndani. Tukapiga kura hapo hapo dukani. Nawaambia, hakuna aliyeuliza kama kesho itaamka. Mweka hazina wetu hata aliitikia salamu.

Haikuchukua muda, ikawa inasalimia halafu inalala. Nachapa ukurasa, inaganda, naanza upya. Wateja wakavuka barabara kwenda kwa mzee mwenye taipureta. Wanakikundi wakaniambia wazi: akihama mteja mmoja tena, tunafunga ofisi na wewe unarudi shambani.

Aliyefuata akawa mama mmoja anayeuza ng'ombe soko la Chwele. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, naye alitaka programu ya harusi. Siku ya Alhamisi, mama akiwa amesimama nyuma yangu, kompyuta ikaganda katikati ya jina la bwana harusi.

"Sasa ni nini hiyo?"

"Imeganda, mama."

"Basi iambie iganduke. Mimi sitoki hapa bila karatasi."

Akaketi. Akaipepea kwa leso. Akaiombea, maombi marefu. Nikaizima na kuiwasha, yule mwanamke akatusalimia, kisha kimya.

"Huyu anajua salamu peke yake," mama akasema. "Mliinunua vipi?"

"Ilikuwa inang'aa, mama."

"Ati inang'aa? Kijana, mimi ng'ombe simlipii mpaka nimkamue jioni, nimkamue tena asubuhi. Beba hiyo kitu twende."

Niliifunga blanketi, nikaipakata nyuma ya pikap yake ya ng'ombe. Njia yote hadi Bungoma watu walitupa pole ya mgonjwa.

Mwenye duka alikubali tubadilishe. Mama akataka ile ya vumbi iwashwe kwanza.

"Chapa," akaniambia. Nikachapa. "Hifadhi. Zima. Washa. Chapa tena."

"Mama, utaiharibu," mwenye duka akalalamika.

"Si afadhali iharibike ikiwa bado yako? Kijana, zima."

Tulikaa hivyo mpaka maduka ya jirani yakafungwa. Programu nzima niliimalizia hapo, kutoka maombi ya kufungua hadi kukata keki, na haikuganda hata mara moja. Ijumaa mama alipata karatasi zake. Wiki iliyofuata mzee wa taipureta mwenyewe alileta kadi za mjukuu wake.

Namshukuru mama huyo, na wanakikundi walionivumilia. Ninyi mnaotaka kununua, msione haya kukaa dukani mpaka muuzaji achoke. Mimi ni mtu wa aibu na nilikaa.

Tafadhali niandikieni kupitia mwenyekiti. Rangi ya kompyuta yenu msiniambie. Niambieni tu kama leo asubuhi iliamka.