Leonardi Ntahomvukiye, Fundi wa Mashine Arobaini na Nane (1984–2025)

Ndugu yetu Leonardi Ntahomvukiye, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025 hapa Bugendana, alizaliwa tarehe 2 Februari 1984 katika komini ya Giteranyi, Muyinga. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Yakobo Baragahoranye, aliyetangulia mbele ya haki, na mama yetu Anisia, ambaye ameketi hapo mbele. Mimi ninayesoma ni Jeska, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Leonardi mwenyewe aliniomba niandike, na akanikataza kumpamba.

Mwaka 1996 familia ilikimbia vita vya hapa Burundi, ikavuka mpaka wa Kobero kwa miguu na kupokelewa kambini Ngara, Tanzania. Leonardi alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliishi kambini miaka kumi na mmoja. Mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini, na yeye kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akitembea mpaka pale ruhusa inapoishia, anakaa kidogo, kisha anarudi. Baba alipomuuliza anafuata nini kule, alijibu, "Hakuna kitu, baba. Naangalia tu barabara inavyoendelea."

Alisoma shule ya msingi na sekondari humo humo kambini, huku akitengeneza redio za majirani. Tulirudi nyumbani tarehe 17 Julai 2007. Mwaka 2008 aliingia chuo mjini Gitega kusomea kompyuta, akapata diploma yake mwaka 2011. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuwa na karatasi ya namna hiyo, na mama alilia alipoonyeshwa, ingawa hakuweza kuisoma.

Akiwa chuoni alikutana na Gaudensia, mwalimu wa shule ya msingi hapa Bugendana, ambaye alimletea simu iliyoingia maji. Simu haikupona. Alimrudisha mara nne kuja kuiulizia, na mara ya tano akakiri kwamba ilikwisha kufa tangu siku ya kwanza. Walifunga ndoa tarehe 27 Agosti 2011 na Mungu akawajalia watoto wawili, Vumilia na Godfrey.

Januari 2014 aliajiriwa katika kituo kimoja cha mafunzo mjini Muyinga. Mpango ulikuwa afanye huko miaka miwili, kisha ahamie Gitega karibu na mkewe. Mwaka 2016 kituo kikapewa kompyuta arobaini na nane zilizokwisha tumika, kila moja na takataka zake na virusi vyake. Mkurugenzi akataka ziwe tayari baada ya siku nne, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Kwa kawaida fundi angekaa na kila mashine saa mbili au tatu. Leonardi alichukua moja tu, akaishughulikia siku tatu mpaka ikawa safi kabisa, na masomo yote yakiwa ndani. Akaiita mashine mama. Siku ya nne akaziunganisha zote kwa nyaya za mtandao, akaziwasha, na diski ya ile moja ikanakiliwa kwenye nyingine arobaini na saba kwa wakati mmoja. Mama alikuwa amekuja kumtembelea siku hiyo. Alipoona skrini zote zinawaka sawa, aliuliza, "Hizi zote umezifundisha leo?"

"Nimefundisha moja, mama. Nyingine zimeiga."

Siku hiyo ya furaha ndiyo iliyomfunga. Alipoomba kuhama, mkurugenzi alimwambia, "Wewe ukiondoka, hizi mashine nani atazifufua?" Diploma yake, aliyokuwa ameiacha ofisini ili ikaguliwe, ikafungiwa kabatini. Akiiuliza, anaambiwa iko salama. Bila hiyo hakuna kituo Gitega ambacho kingemwajiri. Kila muhula wanafunzi waliziharibu kompyuta, na kila muhula yeye alizijaza upya. Likizo zake zilikatizwa kwa simu. Vumilia alipobatizwa, baba yake alikuwa Muyinga. Godfrey alipozaliwa, alikuwa Muyinga. Miaka ya karibuni, mafuta yalipoadimika, gari la kuja Gitega kupitia Karuzi lilikaa hata wiki mbili bila kutokea, na yeye akabaki chumbani kwake, mfuko umefungwa, anasubiri.

Hatukuja hapa kulaumu mtu. Leonardi mwenyewe aliniambia, "Jeska, mlango huu niliufunga mimi." Miaka ya mwanzo wenzake waliomba awafundishe ile kazi, akakataa. Hata kwenye daftari hakuiandika. Aliogopa kwamba wakijua, atafukuzwa. Mtu aliyekulia kambini anashikilia alichonacho. Maneno hayo ni yake, na aliniagiza niyasome.

Mwaka 2023 akaanza kumfundisha Faida Bulonza, mama kutoka Kivu Kusini, Kongo, aliyekuwa akiuza chaja za simu sokoni na kusoma kituoni mchana. Mwezi wa tatu wa mafunzo, Faida alikosea upande: badala ya kunakili kutoka mashine mama, alinakili diski tupu juu yake. Kazi ya miaka saba ikafutika, kwani nyingine zote wanafunzi walikuwa wameshaziharibu.

"Chef, nimeua," Faida alisema; ndivyo alivyomwita mkubwa wake wa kazi. "Hii machine iko tupu. Mi naenda, usinitafute."

Leonardi alivuta kiti cha pili. "Kaa. Tutaijenga upya, na safari hii wewe ndiye utakayebonyeza. Mi nitaandika." Iliwachukua siku kumi na tisa, na likizo yake ya Krismasi ikaishia hapo. Lakini daftari likapatikana, kurasa sitini na mbili, kila hatua kwa mwandiko wake.

Aprili 2025 miguu ilianza kuvimba na pumzi kukata. Daktari mjini Gitega alimwambia moyo umetanuka na asirudi kazini. Alirudi. Mara mbili alitoka kitandani kwa sababu ameitwa. Mwezi wa nane Gaudensia alifunga safari mwenyewe, nusu kwa baiskeli ya kukodi na nusu kwa miguu, akasimama mbele ya mkurugenzi na kusema, "Nimekuja kuchukua mume wangu na karatasi yake." Alipewa vyote viwili siku hiyo hiyo. Leonardi aliletwa hapa Bugendana akiwa amelala nyuma ya lori la maharage.

Jumatatu tarehe 15 Septemba, masomo yanafunguliwa, simu ya kituoni ililia asubuhi. Kompyuta zote zilikuwa zimekwama, wanafunzi wako mlangoni. Alianza kutafuta viatu. Mimi nilikuwepo. Gaudensia alisimama mbele ya mlango, naye akamwambia, "Nipishe, mke wangu. Hawawezi bila mimi." Simu ikalia tena. Alikuwa Faida.

"Chef, usikuje. Nimefuata daftari. Zingine zote makumi ine na saba ziko zinapokea."

"Umeangalia upande?"

"Nimeangalia mara tatu. Lala, chef."

Leonardi alikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Hakufurahi kama tulivyotegemea. Aliinamisha uso akasema, "Kumbe ilikuwa rahisi hivyo." Akalia. Miaka tisa, ndugu zangu. Baadaye aliomba uji, akaunywa wote, na jioni alimsikiliza Godfrey akisoma kitabu cha shule mpaka mwisho. Hakuna aliyemwita tena.

Alikaa nyumbani siku ishirini na nne baada ya hapo; tangu Agosti, huo ndio muda mrefu kuliko wote aliopata kuishi na wanawe mfululizo. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, moyo wake ulisimama, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja.

Ameacha mama yetu Anisia, mjane wake Gaudensia, watoto wawili, Vumilia na Godfrey, na sisi ndugu zake wanne, Josefina, Olivier, Ilyasi na mimi Jeska. Faida Bulonza aliomba jina lake tuliweke miongoni mwa wafanyakazi wenzake. Familia imekaa, imeamua aandikwe hapa, pamoja nasi.

Bwana alitupa Leonardi, nasi tunamrudisha kwake. Kaka, pumzika kwa amani. Uko nyumbani.