Mlidhani ni Roho, Kumbe Nilikosa Pumzi

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na nyinyi mlio mbele, na nyinyi mliokaa nje kwa hema, na akina mama wa jikoni mnaonisikia kupitia dirisha. Nitaongea polepole leo. Mkiona nimenyamaza katikati ya maneno, msinishangilie. Nangoja hewa tu.

Wengi mnanijua. Mimi ni Ruth, Mama Kibet wa hapa Kimumu, yule wa kuanzisha nyimbo. Mara ya mwisho kushika maikrofoni hii kutoa ushuhuda ilikuwa mwaka jana, siku ya ibada yetu ya shukrani. Nilisema nimepona. Leo nimekuja kuwaambia kuna jambo niliwaficha baada ya pale, na sijui hata nianzie wapi, kwa sababu mimi mwenyewe bado limenichanganya kichwa.

Ndugu zangu, mnakumbuka nilivyokuwa. Saratani ya titi, upande wa kushoto. Nikafanyiwa upasuaji. Nikawekewa zile dawa za mshipani mpaka nywele zikaisha, nikawa nafunga kitambaa hata jikoni. Baadaye nikapelekwa kwa mionzi, ile wengi wetu tunaita kuchomwa. Siku tano kwa wiki, nalala chini ya mashine, navaa, narudi nyumbani. Nyinyi mlinibeba! Mlifunga, mliomba, mlinipikia uji, mlinifulia nguo. Siwezi kulipa hilo.

Mionzi ilipoisha, mume wangu akachinja mbuzi, tukaja hapa na maziwa ya mursik na keki, na mimi nikasimama nikiwa na gauni la zambarau nikapaza sauti: "Hospitali ya saratani sitarudi tena kwa jina la Yesu!" Mlipiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Nilifurahi, jamani. Nilifurahi kweli.

Sasa, yale maneno ndiyo yalinifunga. Daktari alikuwa ameniandikia kadi ya kurudi kliniki. Alikuwa ameniambia wazi, akaniangalia usoni: "Mama, ukianza kukohoa au kukosa pumzi, usingoje tarehe. Njoo." Nilimsikia vizuri. Lakini ningerudi vipi, na nilishawaambia watu wa Mungu sitarudi? Kadi nikaiweka kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza. Nikaona huko ndiko kutembea kwa imani.

Kikohozi kilianza kama miezi miwili baadaye, wakati wa kuvuna. Kikavu, hakitoi chochote. Nikasema ni vumbi la mahindi, maana mashine ya kupukuchua ilikuwa inanguruma kila boma. Mahindi yakaisha, kikohozi kikabaki. Nikasema ni baridi ya Eldoret. Jua likawaka wiki nzima, kikohozi kikabaki. Kisha pumzi nayo ikaanza kupungua. Nikitandika kitanda, napumzika. Nikifunga kamba za viatu, napumzika. Asubuhi wale wakimbiaji wetu wanapita mbele ya geti langu wakipiga stori huku wanakimbia, na mimi nimesimama pale na ndoo ya maji nusu, nimeshika mlango, siwezi hata kuwasalimia.

Nilichanganyikiwa, ndugu zangu. Nawaambia ukweli wote, maana nimechoka na nusu ukweli. Nilijiuliza: Je, ugonjwa umerudi? Je, sikupona? Kama sikupona, basi nilidanganya kanisa? Na kama nilipona, hii ni nini? Ni shetani ananijaribu? Ni damu imepungua? Ni mimi nimetenda dhambi gani? Siku moja naamini hili, kesho yake naamini lile. Nilikuwa nafunga chakula ili nipate nguvu ya kiroho, na kwa kufunga nazidi kukosa nguvu ya kupanda ngazi.

Na jambo baya kuliko yote, mimi ndiye nilikuwa nafundisha akina mama kwenye ushirika wetu wa Alhamisi kwamba usikiri ugonjwa. Mtu akikuuliza hali, sema umebarikiwa. Ukitaja ugonjwa, unaurudisha. Nilifundisha hivyo kwa miaka, kwa sauti hii hii. Basi nikawa mwanafunzi wa mafundisho yangu. Dada yangu akipiga simu, naweka simu mbali nikohoe kwanza, halafu namwambia, "Nimebarikiwa sana!" Naongea maneno mafupi mafupi ili asisikie nahema.

Kuna jirani yangu mmoja mfanyabiashara, Mama Halima, anauza vitambaa ghorofa ya kwanza pale tunaposhonea sare za kwaya. Yeye ni Mwislamu, ametoka Garissa na familia yake miaka mingi iliyopita. Nilipanda zile ngazi zake kumi na mbili nikafika juu siwezi kutaja rangi ya kitambaa ninachotaka. Aliacha mteja, akanipa stuli, akanipa maji.

"Mama Kibet, hii kifua yako si ya kawaida. Umeona daktari?"

"Ni vumbi tu. Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema, wallahi. Lakini daktari ulimwona?"

Nikabadilisha mazungumzo, nikaulizia uzi. Akanitolea uzi. Nilishuka ngazi nikiwa nimekasirika, na sikujua namkasirikia nani.

Sasa nifike ile Jumapili. Wengi wenu mlikuwepo, kwa hivyo leo nitawaambia iliyokuwa ndani yangu, maana nje mliiona wenyewe.

Nilikuwa nimeanzisha wimbo wa sifa, ule wa kupandisha sauti. Ubeti wa kwanza nikaumaliza kwa shida. Ubeti wa pili nikafungua mdomo, hewa haikuingia. Sauti ikakatika. Nikashika stendi ya maikrofoni, nikapiga magoti. Kifua kinapanda na kushuka, machozi yanatoka. Na nyinyi, wapendwa wangu, mkadhani Roho amenishukia!

Msiinamishe vichwa, siwalaumu. Mimi mwenyewe ningeona mtu hivyo ningepiga vigelegele. Mlishangilia! Kijana wa kinanda akaongeza kasi. Akina mama wakanizunguka, mmoja akanifunika leso aliyojifunga, wengine wakaniwekea mikono kichwani na mgongoni. Nasikia, "Haleluya! Mimina, Bwana! Ongeza!" Na mimi pale chini ya leso sina hewa hata kidogo.

Mnajua nilikuwa nafikiria nini? Nilikuwa najiuliza kama kweli ni Roho. Wallahi, kama anavyosema Mama Halima! Nilikuwa nakufa, na bado sikuwa na uhakika. Nikasema moyoni, labda ndivyo inavyokuwa, labda nikivumilia kidogo nitasimama mzima. Ningeweza kuinua mkono. Ningeweza kumvuta mtu gauni. Sikufanya hivyo, kwa sababu niliona aibu kuwaharibia ibada.

Aliyeniokoa ni mama mkwe wangu. Wale wasiomjua, ni yule Mama mzee wa Sugoi aliyekaa pale pembeni na mwavuli wake. Amefuga ng'ombe maisha yake yote. Alikuwa amekuja kutuona wikendi tu. Alipasua lile kundi kwa mwavuli, hakuchagua mgongo wa kugonga, akavuta leso ile akaitupa.

"Nyinyi watu, tokeni hapa! Huyu mtoto hapumui!"

Mtu akamwambia, "Mama, ni nguvu za Mungu."

"Nguvu gani? Angalia mdomo yake, imekuwa bluu! Ng'ombe yangu ikihema hivi siimbii, naita daktari! Baba Kibet! Leta gari!"

Kinanda kikakatika.

Ndani ya gari mama mkwe alinikalisha wima, akafungua madirisha yote. Mume wangu anaendesha huku anajaribu kuniangalia kwa kioo.

"Hii kitu ilianza lini?" akaniuliza.

Nikamwonyesha vidole sita. Akauliza kama ni siku. Nikatikisa kichwa.

"Wiki sita, Ruth? Wiki sita? Kwani mimi hulala nyumba gani?"

Hakuna kitu kimewahi kuniuma kama swali hilo. Mwanamume huyu aliniosha vidonda, alinishikia beseni nikitapika, na mimi nilikuwa najifungia bafuni nifungue maji ili asisikie nakohoa. Nilifikiri ninamlinda. Kumbe nilikuwa nimemfungia nje.

Hospitalini nikawekewa oksijeni. Wakatoa damu, wakapima TB, wakapiga picha ya kifua, wakanipeleka na kwa skani. Siku mbili tukangoja majibu. Hapo wapendwa, sitawadanganya kwamba nilikuwa na imani kubwa. Sikuwa nayo. Nilijaribu kuomba kama ninavyoomba hapa mbele, na yale maneno makubwa hayakuja, kwa sababu maneno makubwa yanataka pumzi. Nikabaki na sentensi moja. Nikasema, "Mungu, siwezi kupumua."

Basi. Sentensi ile sikuwa nimeisema kwa mtu yeyote wiki sita zote, wala kwake Yeye! Nilikuwa namwambia Mungu nimebarikiwa, kama vile Yeye naye ananipigia simu kutoka mbali. Nilipoisema nililia. Sikusikia sauti, sikuona nuru. Ila ile hofu iliyokuwa imenikaba kabla hata ya ugonjwa kunikaba, iliniachilia. Kifua bado kilikuwa kizito, lakini mimi nilikuwa mwepesi. Huo ndio ukombozi wangu, na kama mlitarajia mkubwa kuliko huo, mnisamehe. Kwangu ni mkubwa.

Daktari akaja na majibu. Msichana tu, angeweza kuwa binti yangu. Akakaa kwenye kitanda.

"Mama, si saratani. Hatujaona saratani mahali popote. Mapafu yako yamevimba kwa sababu ya mionzi. Huwatokea watu wengine, hata miezi baada ya kumaliza."

Nikamuuliza, "Yaani kile kilichoniponya ndicho kimeniumiza?"

"Ndiyo, Mama. Vyote viwili ni kweli."

"Basi niseme nimepona ama sijapona?"

Akacheka kidogo, lakini kwa upole. "Sema saratani tumeitibu, na mapafu tunayatibu. Na useme unarudi kliniki. Ungekuja wiki ya kwanza tungekupa vidonge ukaenda nyumbani."

Mume wangu alitoka nje akasimama koridoni, ameelekea ukutani. Mama mkwe akauliza kama kuna chai.

Pasta alikuja kunitembelea siku iliyofuata. Aliketi, Biblia akaiweka kando. Kisha akasema, "Mama Kibet, mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako. Nikasema ni Roho. Nisamehe." Nikamwambia, "Pasta, hata mimi nilisema hivyo hivyo." Tukacheka mpaka nesi akaja kuangalia oksijeni yangu. Pasta ndiye aliyeniambia, nikipata nguvu, nije niwaeleze haya yote bila kupunguza.

Nilipewa vidonge vya kushusha uvimbe. Viliniletea njaa ya ajabu, na uso ukaumuka kama mandazi, mnaona wenyewe. Vinapunguzwa kidogo kidogo, hata leo sijavimaliza. Nimefundishwa kuvuta hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa midomo. Ugali nasonga nikiwa nimekaa. Kwaya naimba nikiwa nimekaa, safu ya pili, na nyimbo anaanzisha Sister Joyce, na ninajifunza kutomwonea wivu. Siku nyingine napumua vizuri mpaka nasahau. Siku nyingine naamka kifua kimebana na ile hofu inabisha hodi. Daktari anasema huenda likabaki kovu kidogo. Sijui. Kuna mengi sijui. Kwa nini Mungu aliniponya kwa njia yenye jeraha, sijui. Nimemuuliza, na sijajibiwa. Lakini simfichi tena kwamba nimeuliza.

Namshukuru Mungu! Namshukuru kwa daktari yule, na kwa Mama Halima aliyeuliza mara mbili. Namshukuru kwa mume wangu, ambaye sasa ananiuliza kila asubuhi, "Pumzi iko?" na mimi namjibu ilivyo. Na kwa mama yangu wa Sugoi, simama, Mama, wakuone! Hapana, amekataa kusimama. Anasema tumechelewesha chakula.

Na akina mama wa Alhamisi, nawaomba radhi. Nilichowafundisha, nilikosea. Mwambieni Mungu inapouma, na ugonjwa muutaje kwa jina lake. Hatashtuka. Anajua tayari.

Najua siko peke yangu hapa. Kuna mtu ameketi humu amebarikiwa kwa mdomo tu. Ana uvimbe anaoufunika na sweta. Ana damu anayoiona na kuinyamazia. Tulimshangilia siku moja, na sasa anaogopa kutuangusha. Ndugu yangu, dada yangu, sikutaji jina. Mwamini Mungu kiasi cha kusema ukweli mbele zake. Mimi Jumatano nina kliniki. Saa mbili asubuhi nitakuwa nimesimama nje ya geti la kanisa. Huhitaji kunieleza lolote, wewe njoo tu tusimame pamoja. Tutatembea pole pole, maana mimi siwezi haraka, na tukifika pale dirishani pa kujiandikisha, nitakushika mkono mpaka useme inapouma.