Mbu Asiye na Malaria

Fundi aliyekaa mbele yangu kwenye basi hakuwa na malaria, hakuwa na jeraha, hakuwa na harufu ya pombe, wala hakuwa na nguvu katika mguu wa kulia. Mama aliyekaa naye akamuuliza alikoanguka.

"Sijaanguka, mama. Ni mbu. Homa ilipopoa, mguu ukagoma."

"Kipimo kilisemaje?"

"Malaria hakuna."

"Basi si mbu."

"Umetumwa na msimamizi wangu? Naye kasema hivyohivyo, akanifukuza kwa utoro. Kwani mbu hubeba mzigo mmoja tu? Daktari kasema ni kirusi. Wengi huugua homa wakapona, wachache kirusi huwapanda kwenye neva."

"Wachache, kikakuona wewe."

"Hakikubisha hodi, mama."

Nyuma yetu mtu akasema amerogwa. Nusu ya basi ilikuwa imeshasomea udaktari.

Fundi alitia cheti cha daktari na barua aliyoiandika mwenyewe kwenye bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa ngumi kama anayemkaba mtu. Basi liliposimama mbele ya kiwanda akampa kondakta.

"Mpe mlinzi, ampelekee msimamizi. Mwambie nimefika kazini, mguu ndio uliokataa kushuka."

Kondakta akashuka nayo.