Maisha ya Fundi Kona, Mjenzi wa Vyumba Visivyo na Vumbi

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza ndugu yetu, familia imeniomba mimi mdogo wake niwasomee maisha yake, na imeniagiza nisitie chumvi wala nisipunguze, kwa sababu marehemu mwenyewe hakupenda kitu kilichozidi kipimo.

Marehemu, ambaye sote tulimwita Kona, alizaliwa tarehe 9 Februari 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa seremala wa milango na madirisha, na mama yake akifua mashuka ya hospitali. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alilia sana siku aliyozaliwa, kisha akaona yatosha, akawa mtu wa maneno machache mpaka mwisho.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza 1971, akaendelea na sekondari hadi 1975, akafaulu kwa wastani, familia haitaki kudanganya, isipokuwa katika uchoraji wa ufundi, ambako hakuna aliyempita. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea kazi za bati na aluminiamu, akahitimu mwishoni mwa 1977.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza rafu za maduka na kuta za kugawia ofisi, kazi aliyoifanya miaka mitano bila kuipenda, kwa kuwa, kama alivyosema, mwenye duka hajali kona ikiwa wazi ilmradi bidhaa zinaonekana. Tarehe 1 Machi 1983 aliajiriwa na kampuni iliyojenga vyumba safi vya viwanda na maabara, na huko alikaa mpaka alipostaafu.

Kwa wasioijua kazi hiyo, chumba safi si chumba kilichofagiwa. Ni chumba cha kutengenezea vitu ambavyo vumbi lisiloonekana kwa macho laweza kuviharibu, kama dawa za macho, sindano, au mbegu za kukuza ndani ya chupa. Hewa yake huchujwa darini na kusukumwa kwa nguvu, hivi kwamba mlango ukifunguliwa hewa ndiyo inayotoka, vumbi la nje halipati nafasi ya kuingia. Zamani sehemu nyingi zilizungushiwa mapazia ya plastiki, nayo yakiguswa na mtu anayepita yalitikisika na kutimua kila kitu, ndipo zikaja kuta ngumu, paneli za bati laini zenye sponji nzito katikati, zilizosimamishwa moja baada ya nyingine na kuzibwa viungo kwa silikoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya marehemu. Yeye ndiye aliyeweka ukanda wa mviringo kila ukuta ulipokutana na mwenzake, na kila ukuta ulipokutana na sakafu, kwa sababu, alisema, kona ndiyo nyumba ya vumbi, ukilinyima nyumba litahama. Jina la Kona lilitoka hapo, likamshika hata kwa watu wa benki.

Kazi hiyo ilimpa tabia zake zote. Hakujipaka manukato wala mafuta yenye poda. Alitembea polepole, maana anayekimbia ndani ya chumba safi anapukutisha vumbi la mwili wake mwenyewe, na mwendo huo akatoka nao nje, hata mvua ikimkuta barabarani hakuongeza hatua, akafika nyumbani amelowa chapachapa na ametulia.

Sasa tunafika kwenye ndoa yake, na hapa palikuwa na maneno mengi mtaani, kila mtu na toleo lake, kwa hiyo familia imekubaliana yasomwe kama yalivyokuwa. Shangazi yetu, muuza mkaa, aliomba yafupishwe. Hayakufupishwa.

Mwaka 1985 marehemu alipelekwa kwenye kiwanda cha dawa za macho kurekebisha ukuta ulioanza kuachia viungo. Yeye alifanya kazi upande wa nje, ndani wanawake waliendelea kujaza chupa, na kati yao palikuwa na kioo kilichopachikwa ukutani. Ndani kila mtu alikuwa mweupe toka utosini hadi unyayoni, ovaroli, kofia, barakoa na glavu, yakabaki macho tu. Marehemu akamwona mmoja aliyekaa mwisho wa meza, mikono yake ikienda bila haraka na bila kusita, na juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu dogo lililokata nyusi. Akawa anamtazama kila siku huku akijifanya anapima kiungo kilekile, mpaka fundi wa umeme akamwambia, "Kona, huo ukuta ukiupima tena utazaa."

Akamuuliza msimamizi wa zamu, anayekaa mwisho wa meza ni nani, na msimamizi, bila kuinua kichwa, akamjibu kuwa ni binti wa fundi cherehani wa karibu na soko, kwa kuwa ndiye aliyekaa pale tangu chumba kifunguliwe. Asilolijua msimamizi ni kwamba wiki hiyo binti wa fundi cherehani alikuwa amebadilishana kiti na mwenzake, kwa sababu hewa baridi ya chujio la darini ilikuwa ikimpiga bega.

Marehemu akamtuma shangazi, na shangazi, kama mnavyomjua, akiingia kwa watu na neno hatoki nalo. Akaenda, akasema, akasikilizwa, fundi cherehani akafurahi, na kesho yake mtaa mzima ukajua. Jumapili iliyofuata marehemu alikwenda kujitambulisha, binti akaitwa sebuleni, akamsalimia, na marehemu akayatazama yale macho, akaona nyusi zote mbili nzima.

Alikunywa chai, akaaga vizuri, akatoka. Njiani akasema, "Shangazi, si yeye."

"Si yeye nani?"

"Niliyemwona."

Shangazi akasimama katikati ya njia. "Mwanangu, mimi nimeshakunywa chai ya watu. Unataka nirudi nikaitapike sebuleni kwao?"

Marehemu alirudi peke yake kumweleza baba mtu ukweli, akamkuta na pini mdomoni, tayari kumpima suti ya harusi, akashindwa kumsemesha mtu mwenye pini mdomoni, akapimwa, akaenda zake. Alirudi tena, nyumba imejaa wageni waliokuja kumpongeza. Aliporudi tena baada ya hapo hakumtafuta baba, alimwomba binti mwenyewe watoke uani, na huko, kati ya kamba za nguo, akamweleza kila kitu, kioo, kiti na nyusi, akamalizia kwa kusema, "Sikukukusudia wewe, dada, na si haki usijue."

Binti alikuwa na beseni la nguo kiunoni, wala hakulitua. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi rudi ndani ukae, chai iko mezani, tuone umekosea kiasi gani."

Alikaa. Akawa anakuja kila Jumapili, hakuna aliyemlazimisha kwa mdomo, na tarehe 19 Julai 1986 wakafunga ndoa, marehemu akiwa amevaa ile suti. Mwenye kovu juu ya nyusi alihudhuria, akacheza kuliko wote, na miaka mingi baadaye yeye na mume wake wakahamia nyumba ya tatu kutoka kwao. Alipokuja kusimuliwa habari hii alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mimi? Nisingemkubali hata kwa dawa. Mwanamume anatembea kama amebeba trei ya mayai kichwani." Yuko nasi hapa leo, na ndiye aliyesimamia jiko tangu juzi.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1988, ambaye ni mhasibu, wa pili wa kiume, wa mwaka 1991, fundi wa majokofu, na kitinda mimba, wa mwaka 1997, anayefanya kazi katika maabara ya mbegu, ndani ya chumba ambacho baba yake alikisimamisha kwa mikono yake. Wajukuu ni wanne. Mwaka 1999 walihamia nyumba yao wenyewe, na marehemu, bila kumuuliza mtu, alizungusha kona zote za sebule kama za kiwandani, matokeo yake hakuna kabati lililoweza kusogea mpaka ukutani, na kabati la vyombo limesimama pale mpaka leo kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti. Mkewe alilisema jambo hilo kwa miaka ishirini na kitu. Marehemu alijibu kwamba vumbi halipo. Mkewe akajibu kwamba vumbi halipo kwa sababu yeye anafagia.

Lakini ukiacha kabati, lilikuwapo jambo moja ambalo mkewe hakulisema mpaka msiba huu. Alijiuliza kama mume huyu alibaki kwa kumpenda au kwa kuona haya kumrudishia fundi cherehani neno lake. Hakumuuliza, maana watoto wanataka kula, sare zinataka kufuliwa, na swali la namna hiyo halipikiki. Alilala nalo na kuamka nalo, kama mtu mwenye jino linalouma kidogo tu, halimzuii kutafuna.

Mwaka 2004 marehemu alisimamia ujenzi wa chumba safi cha taasisi moja ya utafiti. Kuta zilisimama, viungo vikazibwa, wakaguzi wakawa wanangojewa kesho yake. Jioni marehemu akapita akipapasa ukuta kwa kiganja, akafika kwenye paneli moja, akarudia, akaita vijana, akaamuru ing'olewe, na paneli hizo zimeshikana kama meno, ukitaka moja lazima uanze na jirani zake, wakang'oa upande mzima. Mhandisi alipofika akashika kichwa, akasema chumba kingefaulu ukaguzi kama kilivyokuwa. Yuko hapa, anasema hivyo mpaka leo, na huenda ni kweli. Ukaguzi uliahirishwa, kampuni ikampa marehemu barua ya onyo, naye akaja nayo nyumbani, akaiweka mezani, akaomba chakula.

Mkewe alimuuliza, "Ungekaa kimya ingekuwaje?"

"Isingekuwa kitu."

"Sasa?"

"Haikukaa sawa. Kitu kisichokaa sawa mimi siwezi kukiacha, hata ukinipa onyo kumi."

Mkewe alimpakulia, akarudi jikoni, na huko jikoni ndipo lile jino lilipoacha kuuma, kwa sababu alielewa kwamba mtu wa namna hii, kama mke hakukaa sawa, asingengoja mtoto wa kwanza, sembuse wa tatu. Alimwongezea mchuzi.

Marehemu alistaafu tarehe 28 Februari 2018, akapewa cheti na saa ya ukutani, akaitundika mbali na kona. Mwaka uliofuata alianza kuchoka akipanda ngazi, madaktari wakagundua kuwa moyo wake umetanuka, akaanza dawa, akaendelea vizuri kwa muda, akalazwa mwaka 2022 na tena mapema mwaka huu wa 2024. Hakulalamikia ugonjwa. Wodini alilalamikia pembe za sakafu, mpaka muuguzi mmoja akamwambia, "Baba, pona kwanza, utakuja kuzirekebisha." Mwezi Machi aliomba arudi nyumbani, na madaktari wakaona si vibaya.

Jioni moja ya Aprili, mkewe akimkata kucha, marehemu alimuuliza jambo ambalo mkewe hakulitarajia hata kidogo, kwa kuwa miaka yote alidhani swali lilikuwa la upande wake peke yake.

"Mama, siku ile uani, ulinikubali kwa sababu baba alikuwa ameshauambia mtaa?"

Mkewe akasimamisha mkasi. "Hilo umelibeba tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Wanaume watatu walikuja kwa baba kabla yako, mtaa uliwajua wote watatu, na wote niliwarudisha kwao. Mtaa haujawahi kuniozesha mimi."

"Sasa kwa nini?"

"Ulikuja kunitajia kosa lako mbele yangu, wakati ungeweza kunyamaza nikaja kulijua mwenyewe nikiwa na watoto. Nikasema, huyu hata akikosea nitapata habari mapema."

"Kumbe," akasema, kisha akanyoosha mkono wa pili.

Alikaa nasi wiki kadhaa zaidi, akila kidogo, akilala vizuri, akipokea wageni na kuwasikiliza kuliko kuwajibu, na tarehe 3 Juni 2024, asubuhi, akiwa nyumbani kwake, mkewe na watoto wake wote wakiwapo, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, ndugu wanne na shangazi mmoja ambaye bado anasema yeye hakukosea nyumba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo kwa subira yao, maana tunajua mgonjwa mwenyewe alivyokuwa mkaguzi. Inawashukuru majirani waliopokezana kukesha, waliochota maji na waliolaza wageni wetu, na jirani wa nyumba ya tatu aliyeshika jiko. Inaishukuru kampuni aliyoitumikia na mafundi wenzake, waliotengeneza jeneza hili wenyewe na kukataa malipo. Kwa wote ambao hatukuwataja, msamaha wenu tunauomba, mjane amechoka na karatasi imekwisha.

Kaka, tumekusoma ulivyokuwa, mkeo alikuambia kwa nini alikupokea, nawe ulisikia mwenyewe ukiwa hai. Nenda sasa ukapumzike kwa amani.