Januarius Bujiku na Ukoka wa Mlangoni

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo, Jumanne tarehe 16 Februari 1999, ni kaka yetu Januarius Bujiku, aliyezaliwa Kasoli tarehe 3 Mei 1938, mtoto wa pili wa mzee Bujiku Salu.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaishia hapo kwa sababu ng'ombe wa nyumbani walihitaji mchungaji. Mwaka 1961 aliajiriwa katika kiwanda cha ushirika cha kuchambua pamba hapa Bariadi, akawa fundi mitambo. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa mwaka 1994, malori ya pamba yalianza kupita getini bila kukata kona. Mwaka uliofuata alipunguzwa kazi. Hakubishana. Alisema mtambo usio na pamba hauhitaji fundi.

Alifunga ndoa na Klementina Masalu wa Mkula mwaka 1963, wakajaliwa Joakim na Gloria. Mwaka 1996 shemeji yetu alipata kiharusi, mguu wa kulia ukalegea. Hospitali walimwambia ajifunze kutembea tena, peku, mahali ambapo akianguka hataumia. Uwanja wa nyumba hii ulikuwa umefagiliwa miaka yote hadi ukawa mgumu kama sakafu. Ndipo marehemu akapanda ukoka.

"Ngosha, mwanamume mzima unapanda malisho mlangoni?" jirani yake Kasmiri alimuuliza.

"Ndiyo. Na wewe usije ukayala."

Samadi mbichi aliyomwaga ilimletea mbigili. Hiyo aliimudu. Aliitambua kwa ua lake la njano, akaing'oa kabla miiba haijakauka, maana mwiba mmoja ulimrudisha shemeji kitini wiki nzima. Kishona nguo nacho alikimudu. Iliyomshinda ni ndago, ile ambayo ukiviringisha shina lake vidoleni unahisi pembe tatu. Aliipalilia kwa jembe kama mtu anavyopalilia pamba, jembe likatawanya vinundu vyake, kila kinundu kikaota. Akaenda dukani, akauziwa dawa kwenye chupa isiyo na maandishi. Muuzaji alimhakikishia kwamba inaua majani yote. Hakumdanganya: ukoka ulikauka wote. Mvua iliponyesha, ndago ikatangulia kuota.

Sisi ndugu zake wenye maduka tulimshauri amwage zege, yaishe.

"Zege halimdaki mtu," alisema.

Alipanda upya. Kila baada ya mvua alichuchumaa na kijiti, akifuata mzizi mmoja mmoja hadi kwenye kinundu. Shemeji alifika hadi kwenye mpapai ulio mwisho wa ukoka, akaanguka mara nyingi, hakuvunjika.

Novemba mwaka jana figo za kaka zilianza kushindwa. Alilazwa, kisha tukaambiwa tumrudishe nyumbani, hakuna la zaidi. Kitanda tulikiweka dirishani. Akaiona ndago inatokeza na mkono wa kuing'oa hana. Sisi tulikaa hapo tunamtazama yeye, tunaitazama ndago, na hatukuwa na dawa ya huyu wala ya ile.

Jumapili tarehe 14 alimuuliza mkewe, "Pale ngazini imetoka?"

"Haijatoka hata moja, baba Joakim."

"Basi hujatazama."

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Alifariki alasiri hiyo.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na sisi ndugu zake. Joakim kazi yake iko Mwanza, Gloria ameolewa Lamadi, nasi wengine tuna maduka. Nani atachuchumaa hapo na kijiti, tumekaa kikao, hatujapata jina.

Kaburi liko nyuma ya ukoka. Tunaomba udongo wake usimwagwe kwenye majani, maana wachimbaji wameshatuonyesha vinundu. Na wakati wa kwenda, tupite pembeni sote. Katikati atapita shemeji, peku.

Mungu ampokee kaka yetu, ampumzishe kwa amani mahali pasipo na palizi.