Mama Foleni Anaachia Kiti

Hili sijamwambia mtu: naitamani kazi ya shangazi yangu. Mhariri wa jarida hili la wafanyakazi aliomba mtu wa nyumbani aandike, Shangazi akanichagua mimi. "Huyu hasemi, basi ataandika." Ndiyo hivyo, naandika, wakati Baba, anayetaka nisomee udaktari, amekwishaniita Daktari mbele ya majirani wote.

Shangazi anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mbili katika chumba cha soko la umeme. Aliingia akiwa mpokea simu, anatoka akiwa mkuu wa zamu. Ninyi mnamwita Mama Foleni kwa jinsi anavyoipanga foleni mitambo ya kuzalisha umeme. Hamjamwona harusini! Aliwapanga wageni kwenye chakula, wanaokula kidogo mbele, mjomba wetu nyuma kabisa. Mjomba bado kanuna.

Shuleni bei ya umeme nilifundishwa kwa Kiingereza, nikaikariri bila kuielewa. Shangazi alinifundisha kwa ndoo. Siku hiyo maji yalikatika, na Bibi alitaka pipa lijae. Shangazi akatuambia kila mmoja ataje anataka pipi ngapi kwa ndoo moja. Mdogo wetu akasema moja. Mimi, kwa sauti ya mbu, mbili. Kaka, mvivu wa kuzaliwa, sita!

Akaanza na wa bei nafuu. Tukabeba mpaka mikono ikalegea, pipa bado. Ikabidi Kaka aitwe. Hapo Shangazi akatangaza kwamba kila ndoo italipwa pipi sita, hata zetu.

"Bei ya wa mwisho kuhitajika ndiyo bei ya wote."

"Hili soko au wizi?" Bibi akang'aka, kakumbatia mfuko wake wa pipi. Sisi tulicheza hadi tukapiga teke ndoo.

Kesho yake zilitakiwa ndoo chache tu. Mimi na mdogo wangu tukatosha, Kaka hakuitwa, bei ikaporomoka hadi mbili. "Mtanitafuta!" akafoka kutoka kizingitini.

Na kweli, sokoni ndivyo ilivyo. Mitambo ya maji na ya jua huitwa kwanza, ya dizeli mwisho, kwa sababu ni ghali. Mkuu wa mtambo wa dizeli, yule mnayemwita Bwana Moshi, hapitishi asubuhi bila kupiga simu.

"Mama Foleni, leo je?"

"Mabwawa yamejaa, baba. Kalale."

Mwaka wa ukame, Shangazi ndiye hakulala. Aliwabembeleza wenye viwanda, mmoja baada ya mwingine, wahamishe kazi nzito kutoka jioni hadi mchana, jua likiwa kali. Jioni nyingi dizeli haikuhitajika tena, na bei ikashuka kwa wote, hata kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Bwana Moshi mwenyewe alimletea maua! Alikasirika kwanza kwa kukosa kazi, ndipo akayaleta.

Shangazi, ahsante kwa kufanya jambo gumu lichekeshe. Nenda ukalale mpaka jua likuchome miguu. Tunakuombea siku nyepesi, afya tele, na wajukuu wasiopangika.

Nasikia nyayo za Baba koridoni. Siku zote karatasi kama hii huingia chini ya godoro kabla hajafika. Leo nimeiacha mezani, wazi, na kiti cha pembeni nimekivuta ili akikaa asome vizuri.