Mama Kaswera na Majani Yaliyoegemea Kushoto

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha kufuma dantela, vile vitambaa vya uzi vyenye matundu, katika foyer yetu ya Ndosho, kituo cha kufundishia wasichana kazi za mikono, Mama Kaswera anastaafu. Kamati imeniomba mimi, mwalimu wa chumba cha pili, niandike sifa zake. Nimezitafuta kwa bidii.

Mama Kaswera hakufundisha kwa maneno. Alikaa uso kwa uso na wanafunzi, akafuma, nao wakamwiga. Aliyekosea alinyang'anywa kazi yake, ikafumuliwa mbele ya wote, akarudishiwa uzi mtupu na somo zima la siku: "Iko mubaya. Anza."

Matokeo mtaa mzima unayajua. Kwa kuwa walimwiga kama watu wanaojitazama kwenye kioo, sindano aliyoishika kwa kulia wao waliishika kwa kushoto. Ndosho sasa imejaa mafundi wanaokula kwa mkono huu na kufuma kwa ule, na majani wanayoyafuma kama pambo kwenye dantela zao yanaegemea kushoto. Kuwaeleza? Kwake kueleza ni udhaifu.

Mimi nina ubao. Ninachora, ninaeleza, ninauliza kama wameelewa. Yeye alikuwa akipita mlangoni, anaguna, anaenda zake.

Mwaka jana parokia ilituagiza dantela ya altare kwa Pasaka, nusu kila chumba. Jumatano Kuu tukaziunganisha: majani yao na yetu yakagongana vichwa katikati. Kabla sijafungua mdomo, Mama Kaswera alishavuta uzi wa nusu yetu, ikafumuka yote. Wasichana wangu walilia, nami nilichukia mpaka nikataka kuacha kazi. Wake waliirudia kwa siku tatu. Sisi tulikuwa tumetumia Kwaresima nzima, maana tulikuwa tunaeleza. Papa Kamate, mkurugenzi wetu, akampongeza yeye.

Kuanzia Julai wasichana wake ni wangu. Juzi walikuja kujaribu darasa. Wakaupa ubao mgongo, wakageuza viti kunielekea nilipokaa nyuma ya darasa, wakasubiri nifume. Nikafuma.

Asante, Mama, kwa mafundi uliotuachia, hata kama wamegeuka. Zawadi yako ni kitambaa walichofuma pamoja wasichana wa vyumba vyote viwili, majani ya kushoto na ya kulia yakikutana katikati. Kimekosewa kabisa. Kaa kwa amani, uwe na afya, na mikono yako ipumzike: mwisho wa uzi tumeufunga mafundo, hiki hutakifumua.

Bibiche Mukakalisa